Kromosomu X dhaifu: Malezi yaweza kuanza kabla ya vipimo

MTOTO anapochelewa kusema, akakwepa kutazamana na watu na kupiga mayowe kila afikishwapo sokoni, huenda jamaa zake wakashuku laana au uchawi. Baadhi ya watoto wa namna hiyo wana sindromu ya kromosomu X dhaifu, ambayo duniani ndiyo inayoongoza miongoni mwa hali za kurithi zinazoleta ulemavu wa akili kutokana na hitilafu ya jeni moja.

Chanzo chake ni jeni iitwayo FMR1, iliyotambuliwa na wanasayansi mwaka 1991. Ndani yake kuna kipande kifupi cha DNA kinachojirudia. Marudio yakizidi 200, jeni huzimika na ubongo ukakosa protini muhimu ya kujifunzia. Wavulana huathirika zaidi kwa kuwa wana kromosomu X moja tu. Wasichana wana mbili, na iliyo nzima hupunguza makali.

Hali hii haina tiba ya kuiponya. Hata hivyo, matatizo yanayoandamana nayo hutibika moja baada ya jingine. Kifafa hudhibitiwa kwa dawa. Maambukizi ya masikio yanayorudi mara kwa mara yatibiwe mapema yasije yakadhoofisha usikivu na usemi. Macho na moyo navyo vichunguzwe. Zipo pia dawa za kupunguza wasiwasi na utundu uliokithiri, zikiagizwa na daktari.

Upande wa tabia, nyumbani ndiko kwenye kazi kubwa. Mtoto huyu hutulia siku zake zikiwa na mpangilio mmoja, akipewa agizo moja fupi kwa wakati na kuonyeshwa picha au vitendo. Aarifiwe mapema kabla ya safari au wageni. Anapojiuma mkono au kurusha vitu, mara nyingi amelemewa na kelele au hofu. Aondolewe penye zogo. Kumchapa au kumlazimisha kutazama watu usoni humzidishia hofu.

Kipimo cha kuthibitisha hali hii ni cha DNA, nacho hakipatikani katika zahanati za vijijini Kitui na Makueni. Hilo lisimcheleweshe mtoto. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza nchini mwaka 1984, huwaelekeza wazazi kuhusu shule ifaayo. Huko Makueni, mradi wa shirika la Africa Mental Health Foundation ulishirikisha wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini katika kuwatambua wenye matatizo ya akili na kuwaelekeza kwenye matibabu.

Kipimo kingali na faida kwa familia nzima. Mama aliyebeba hitilafu hii katika kromosomu X yake moja anaweza kuirithisha kwa uwezekano wa nusu katika kila mimba. Baba aliyeibeba huwarithisha mabinti zake wote, wala si wanawe wa kiume. Kwa hivyo, hakuna msingi wa kumlaumu mama pekee, wala kumficha mtoto.