Karata na Mpira

Mkristo wa kizazi cha baba yangu alijua bila kuuliza kwamba karata haziingii nyumbani mwake. Bao lilivumiliwa kwa wazee, mdako ukaachiwa wasichana, na mpira wa miguu uliingia kwa mlango wa mbele. Karata zilikuwa za wahuni. Mimi nami ni baba sasa, nina mtoto wa kiume wa miaka 14, na kwa kuwa ni zamu yangu kuamua, nilitaka kujua marufuku hii ilitoka wapi.

Ajabu ya kwanza imo katika majina. Kopa, uru, pau, shupaza, turufu, hata karata lenyewe, yote ni maneno yaliyotokana na Kireno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga kule Mombasa ngome waliyoipa jina la Yesu. Basi lugha ya karata tuliipata kwa watu waliokuwa wakisali.

Wakristo wenyewe hawakuwa na jibu moja. Huko Uingereza, Wapuritani wengi walifundisha kwamba bahati imo mikononi mwa Mungu. Mitume walipiga kura kumpata Mathiya, kwa hiyo kurusha dadu kwa mzaha ni kumfanyia Mungu mchezo. Mwaka 1619 mchungaji Thomas Gataker alitoa kitabu kizima kuipinga hoja hiyo. Alisema kura nyingi ni mambo ya kawaida tu, na kwamba mchezo hauwi dhambi kwa sababu tu una bahati ndani yake. Wapo waliompinga kwa maandishi.

Hofu ya dadu ilivuka bahari. Mwaka 1843, mjini Salem, Massachusetts, ulitolewa mchezo wa ubaoni wa kufundisha maadili, Mansion of Happiness. Badala ya dadu ulitumia pia ya kuzungusha, kwa sababu dadu zilinuka kamari. Mwaka 1906 kampuni ya Parker Brothers ikatoa Rook, karata zisizo na mfalme wala malkia, bali rangi nne na namba 1 hadi 14. Familia za Kikristo zilizozikataa karata za kawaida zikazipokea hizi. Lakini tazama, msomaji: pia hutoa namba kwa bahati kama dadu, na Rook ina turufu kama karata nyingine. Kilichobadilika ni vazi.

Hata hivyo siwacheki wazazi wale. Karata za kawaida zilikuwa na meza yake, na mezani palikuwa na pombe na fedha. Walitaka kuwatenga watoto na meza hiyo, na njia waliyoiona ni kubadili chombo.

Wakati huo mpira ulikuwa ukipata baraka. Aston Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Kimethodisti huko Birmingham. Everton nayo ilianza mwaka 1878 katika kanisa la Kimethodisti huko Liverpool. Wamisionari waliotuletea shule walikuja na mpira, wakiamini unafundisha nidhamu na kuwatoa vijana kwenye ngoma.

Leo mambo yamegeuka. Mwanangu hucheza karata kwenye baraza la jirani, Waislamu na Wakristo pamoja, na adhabu ya aliyeshindwa ni kushika masikio. Hapana senti inayopita pale. Mpira ndio uliotuletea kamari mtaani. Kijana mmoja wa hapa alipewa ada ya muhula aipeleke shule, akaibetia mechi za Ulaya kwa simu, ikaisha jioni moja. Mama yake anauza maandazi. Na mwezi wa Julai 2017, Everton ile iliyozaliwa kanisani ilicheza na Gor Mahia hapa Dar es Salaam, jina la kampuni ya kubeti likiwa kifuani mwa wachezaji wake.

Kwa hiyo mimi na mke wangu tuliliacha swali la chombo. Tulijiuliza: mchezo huu unamchukulia mtoto nini, na unampa nini? Unakula fedha, usingizi, masomo? Anacheza na nani, na akishindwa anakuwa mtu wa namna gani? Karata za barazani zinampa majirani. Tukimkataza, tutamtenga na watoto atakaozikana nao ukubwani. Tumeziruhusu hadi magharibi. Mpira anacheza na kuutazama. Kuweka fedha katika mchezo wowote, hata shilingi mia, tumekataza kabisa, na usiku simu inalala chumbani kwetu.

Baba hakufurahi. Nilimwambia, "Baba, ulichokuwa unatukinga nacho nami namkinga nacho mjukuu wako. Kimehama tu." Alinyamaza, kisha akauliza hizo kamari za simu zinachezwaje.

Swali lake ndilo ninalompendekezea kila mzazi. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mzazi akae na mtoto, aucheze mchezo mara moja mbili, ndipo aseme ndiyo au hapana. Asipofanya hivyo atakuwa analinda mlango wa mbele, na mwizi keshapitia dirishani.