Bitana ya Mshipa: Seli za Uso wa Ndani wa Ateri katika Historia ya Shinikizo la Juu la Damu ya Mapafu, 1958–1998

Kwa fundi cherehani, bitana ni kitambaa kinachoshonwa upande wa ndani wa koti. Insha hii inalitumia neno hilo kwa tabaka moja la seli linalofunika uso wa ndani wa mishipa ya damu, tabaka ambalo Wilhelm His alilipa jina la endotheli mwaka 1865. Kwa takribani karne nzima baadaye tabaka hilo lilichukuliwa na wengi kuwa ni kizuizi tu kati ya damu na ukuta wa mshipa. Kinachojadiliwa hapa ni namna mtazamo huo ulivyouathiri uelewa wa shinikizo la juu katika ateri za mapafu, maradhi yanayoulemea upande wa kulia wa moyo hadi ukashindwa kufanya kazi.

Masimulizi ya kawaida huanzia mwaka 1980. Naona yaanzie 1958, kwa sababu mwaka huo ushahidi ulikuwa tayari umekwisha kuchapishwa. Paul Wood, daktari wa moyo jijini London, alieleza jinsi asetilikolini ilivyoshusha shinikizo kwa baadhi ya wagonjwa ilipoingizwa katika ateri ya mapafu kupitia katheta. Dawa hiyo huvunjwa upesi ndani ya damu, hivyo athari yake iliishia zaidi mapafuni. Wood alihitimisha kwamba sehemu ya ugonjwa ilitokana na kubana kwa misuli ya mishipa, na kwamba kilichobana kingeweza kulegezwa. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi. Hata hivyo, seli zilizoipokea asetilikolini kabla ya misuli kulegea hazikuwamo katika maelezo yake.

Mwaka huohuo, nchini Marekani, Donald Heath na Jesse Edwards walipanga mabadiliko ya mishipa ya mapafu katika ngazi sita. Ngazi ya kwanza ilikuwa unene wa misuli. Kuanzia ya pili, seli za tabaka la ndani zilionekana zikiongezeka, na katika ngazi za juu ziliota mafundo yaliyoziba njia ya damu. Daktari alisoma misuli, mwanapatholojia akaona bitana, na ilichukua miongo kadhaa kabla ya maarifa hayo mawili kukutanishwa.

Sababu mojawapo ilikuwa mkasi. Mwaka 1953 Robert Furchgott alikuwa ameonyesha kwamba vipande vya aota ya sungura hubana vinapotiwa asetilikolini. Hospitalini dawa ililegeza, maabarani ilibana, na mkanganyiko huo ukavumiliwa. Vipande hivyo vilikatwa kwa mzunguko kama ganda la chungwa, na katika kukatwa na kushikwashikwa uso wake wa ndani ulisuguliwa. Bitana ilikwisha kutoka kabla jaribio halijaanza. Mbinu ya maandalizi ndiyo iliyofuta ushahidi.

Mwaka 1978, katika maabara ya Furchgott huko Brooklyn, fundi wa maabara alikosea mpangilio wa jaribio na mshipa ukalegea. Masimulizi mengi hulifanya kosa hilo kuwa ndilo ugunduzi. Sikubaliani nayo: makosa ya namna hiyo hutokea kila siku maabarani na hufutwa daftarini. Furchgott aliikagua upya mbinu yake mwenyewe ya robo karne, na mwaka 1980, pamoja na John Zawadzki, akaonyesha kwamba bila seli za bitana asetilikolini hailegezi mshipa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1987 kilegezi hicho kilitambuliwa kuwa oksidi ya nitriki. Mwaka 1988 watafiti wa Japani walieleza endothelini, kibanaji chenye nguvu kinachotengenezwa na seli zilezile. Prostasaiklini, inayolegeza mishipa, ilikuwa imejulikana tangu 1976. Mwaka 1995 Giaid na Saleh waliripoti kwamba kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki kilikuwa kimepungua katika mishipa ya mapafu ya wagonjwa. Mwaka uliofuata yalichapishwa matokeo ya jaribio la epoprostenoli, yaani prostasaiklini ya kiwandani, kwa wagonjwa 81 katika muda wa wiki 12. Wanane walifariki, wote wakiwa katika kundi lililopewa tiba ya kawaida pekee.

Lakini tafsiri ya kubana na kulegea haikutosha. Mwaka 1998 kundi la watafiti la Denver lilionyesha kwamba, kwa wagonjwa ambao chanzo cha maradhi yao hakikujulikana, seli za bitana katika mafundo yale mara nyingi zilitokana na seli moja mama, jambo linalofanana na mwenendo wa uvimbe. Wagonjwa wengi wa aina hiyo hawapati mshuko mkubwa wa shinikizo wanapojaribiwa kwa dawa za kulegeza mishipa. Kwao swali la misuli, ambalo Wood aliliuliza kwa haki, linajibu sehemu ndogo tu. Na bitana iliyokuwa ikiota ilikwishaonekana katika slaidi za hadubini tangu mwaka uleule alipochapisha makala yake.