Hofu ya Ulimi

Kiwayu ni kisiwa chembamba katika ncha ya kaskazini ya visiwa vya Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Wakazi wake ni Wabajuni, watu wa jahazi na nyavu, na usemi wao ni Kitikuu, lahaja mojawapo ya Kiswahili. Mabaharia wa pwani hii walifanya biashara na Waarabu na Wahindi kwa karne nyingi. Maneno ya wageni waliyaokota bandarini: walikosea, wakachekwa, wakacheka nao, na bei ikapatana. Sarufi haikumnyamazisha mtu.

Basi hofu ya kusema Kiingereza, ambayo humfunga kinywa mwanafunzi mwenye akili, ilitoka wapi? Nadhani haikutoka katika tabia ya watu. Ilizaliwa darasani.

Chuoni mtoto husoma Kiarabu kwa sauti pamoja na wenzake, na kosa la mmoja humezwa na sauti za wengi. (Sikani kwamba bakora ilikuwako huko pia.) Skuli ilileta desturi nyingine: mmoja husimama, na darasa zima humsikiliza.

Tena mtoto wa visiwa hivi alipatwa na msiba huu mara mbili. Katika mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya kukisimamia katika nchi za Afrika Mashariki. Kimvita na Kiamu, lugha za tenzi mashuhuri, zikaachwa mlangoni pa skuli. Mtoto wa Lamu asemaye ndia kwa njia, na mato kwa macho, akawa mkosaji katika lugha ya mama yake kabla hajatamka neno moja la Kiingereza. Mtu aliyekwisha kuonywa katika lugha yake atathubutu vipi katika lugha ya mwenziwe?

Bara mambo yalikuwa makali zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa karibu na Limuru mwaka 1938, ameyasimulia katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha mwaka 1986. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, mwanafunzi aliyesikiwa akisema Kikuyu karibu na skuli alipigwa fimbo, au alivikwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumfedhehesha. Kifungo cha nguo kilipita mkononi kwa mtoto mmoja hata mwingine kutwa nzima, na jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, naye aliyempa akamtaja wake. Watoto walifundishwa upelelezi pamoja na sarufi. Na aliyeshindwa Kiingereza alishindwa mtihani wote, hata kama aling'aa katika masomo mengine.

Uhuru haukuifuta desturi hiyo upesi. Tume ya Ominde, mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Mwaka ule ule wa 1986, Elaine Horwitz na wenzake wawili huko Marekani waliichambua hofu hii kuwa na sehemu tatu: hofu ya kuzungumza, hofu ya mtihani, na hofu ya kuhukumiwa na watu. Ya tatu ndiyo iliyoning'inizwa shingoni pamoja na kile kibao.

Mwalimu akiuliza kwa Kiingereza kwa nini maji hujaa na kupwa, mtoto wa mvuvi, azijuaye siku za bamvua pengine kuliko mwalimu wake, hutazama sakafu.