Bangi na Bahari Yetu

Tuanze na jina. Neno bangi asili yake ni Bara Hindi, nalo limeingia katika Kiswahili kwa njia ya bahari, kama yalivyoingia majina mengi ya bidhaa. Pemba ilikuwamo katika biashara hiyo tangu kale: mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha.

Bahari hiyo hiyo ndiyo iliyoleta hukumu juu ya mmea huo. Uislamu, dini ya Wapemba walio wengi, umeharimisha kila kileweshacho. Baadaye Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliitia bangi katika udhibiti wa mataifa, wakati Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Waingereza; nao Mkataba wa mwaka 1961 ukakaza zaidi. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa uliiondoa bangi katika orodha kali kupita zote, ukafungua njia ya utafiti wa tiba. Hata hivyo udhibiti ulibaki, na sheria za Zanzibar zinaikataza.

Pemba imesifika kwa waganga wake. Lakini mzee ajuaye habari za mmea huu huona heri anyamaze, asije akadhaniwa anautetea. Akifa, elimu yake huzikwa pamoja naye. Kuandika historia ya kitu si kukihalalisha. Tuwasikilize wazee wetu na tuyaandike wayasemayo, manufaa na madhara pamoja, kwani kijana asiyeelezwa na mzee wake ataelezwa na muuzaji.