Ulimi wa Reli: Historia ya Maumbo na Hatari Zake

Makala haya yanadai kwamba kila umbo jipya la ulimi wa reli, yaani chuma kinachosogezwa ili kuielekeza treni kwenye njia ya pili, liliondoa hatari moja na kuacha nyingine. Katika karne ya 19, njia nyingi za Marekani zilitumia reli butu: reli mbili zilisukumwa hadi zilingane na njia iliyotakiwa. Mfumo huo ulikuwa rahisi kuutengeneza, lakini treni iliyotokea njia isiyounganishwa ilikuta pengo na kuacha reli. Ulimi uliochongoka uliziba pengo hilo. Hata hivyo, treni inayoikabili ncha yake huwa salama iwapo tu ulimi umebana kabisa kwenye reli ya pembeni. Baadaye, ulimi wenye bawaba uliupisha ulimi unaopindika. Kiungo kilegevu kikatoweka, ilhali fito zinazoshikanisha ndimi mbili zilibaki. Huko Potters Bar, Uingereza, mwaka 2002, nati za fito hizo zililegea, treni ikaacha reli na watu 7 wakafariki. Kwa hiyo, usanifu wa ulimi hauwezi kutathminiwa bila kuzingatia ukaguzi wa vifungo vyake.