Silaha Zisizobebeka

Mwaka 1859, mji wa Kudamatsu magharibi mwa Japani, hekalu la Hanaoka Hachimangu lilipokea upanga wenye urefu wa mita 4.65 na uzito wa kilo 75. Kilo 75 ni robo tatu ya gunia la mahindi. Hakuna askari aliyewahi kuuinua vitani, na waliouagiza walilijua hilo kabla mhunzi hajawasha moto.

Kizazi chetu hakishtuki sana kikisikia habari za upanga unaomzidi mtu kimo. Tumekua na katuni za Kijapani, na aliyecheza Final Fantasy VII, iliyotoka 1997, anamkumbuka Sephiroth na ule upanga wake mrefu kuliko mlango. Nilidhani ni chumvi za wachoraji tu. Kumbe Wajapani wana jina lake, odachi, yaani upanga mkubwa, ambao bapa lake huvuka sentimita 90 hivi. Katika karne ya 14 baadhi ya wapiganaji walizitumia kweli. Kisha wahunzi wakaendelea kuzirefusha hadi zikatoka kabisa mikononi mwa wapiganaji. Upanga uliofuliwa na Norimitsu katika karne ya 15, ulioko hekalu la Kibitsu huko Okayama, una urefu wa mita 3.77 na uzito wa kilo 14 na nusu.

Kilichonivutia zaidi ni namna zilivyosalimika. Panga za kawaida zilipata misukosuko. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, akatangaza kwamba chuma chake kitafanywa misumari ya jumba la sanamu ya Buddha. Baada ya vita vya 1945 Wamarekani nao walikusanya panga kwa wingi, nyingi zikaharibiwa. Hata odachi nyingi zilizobaki kwa watu zilikatwa na kufupishwa ili ziweze kuvaliwa kiunoni. Kati ya zile ndefu kabisa tunazoziona leo, kadhaa zilikuwa zimekwishatolewa sadaka mahekaluni. Zilikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na mtu wa kuitunza.

Habari hizi sikuziendea Japani. Nilikuwa nasoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili juu ya mali za watawala wa Kanda ya Ziwa, na nilikwama Karagwe.

Karagwe, iliyo leo mkoani Kagera, ilikuwa chini ya Mukama Rumanyika hadi alipofariki mwaka 1878. Waingereza Speke na Grant walifika kwake mwaka 1861. Stanley alifika 1876, na yeye ndiye aliyeingizwa katika nyumba ya hazina na kuandika alichokiona. Ilikuwa nyumba ya duara ya nyasi. Ndani mlikuwa na bata wa shaba waliotiwa mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa, mikuki yenye bapa mbili, na mikuki mingine ambayo mpini wake ulikuwa mnyororo wa chuma. Halafu kulikuwa na bapa kubwa mno, zenye makali ya kutisha, upana wa inchi 8 na urefu wa inchi 18. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 20 kwa 46.

Chukua rula upime meza uliyokalia. Mkuki wenye bapa la upana huo haurushwi ukafika mbali. Mkuki wenye mpini wa mnyororo ndio kabisa: ukiushika unalegea. Mhunzi aliyeutengeneza alikuwa fundi hodari, kwani Kagera watu wamekuwa wakiyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2,000, na fundi wa namna hiyo hawezi kukosea kitu kidogo kama mpini. Aliuharibu mkuki kwa makusudi ili pasiwe na mtu wa kuutumia. Kila mwanamume alikuwa na mkuki wake wa kuwindia. Mkuki usiowinda chochote, uliomaliza chuma cha kufulia majembe mengi, ungeweza kuwa wa mtu mmoja tu.

Wasomaji wa Stanley huko Ulaya waliuona ukurasa huo kama orodha ya vitu vya ajabu vya mfalme wa mbali. Mimi nadhani ni maelezo ya hekalu, ingawa mwandishi mwenyewe aliamini yuko ghalani.

Speke ana kisa kinachokamilisha picha. Baba yake Rumanyika alipofariki, ndugu watatu waligombea kiti. Ikaletwa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, iliyotiwa dawa. Wawili walishindwa hata kuisogeza. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Ukikiamini kisa au usipokiamini (Rogero, mmoja wa walioshindwa, hakukubali na aliendelea kumsumbua nduguye), kinasema waziwazi kwamba uzito wa kitu cha kitawala haupimwi kwa mizani.

Ngoma hiyo ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Mimi ni mtu wa Bariadi, na kwetu Usukumani ng'oma ni chombo na pia ni utawala. Wazee waliomchagua ntemi waliitwa banang'oma, wana wa ngoma. Neno ntemi lenyewe hutokana na kutema, yaani kukata: wako wasemao ni kukata msitu ili watu wakae, na wako wasemao ni kukata mashauri. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012, lakini chini ya ramani yake kuna tawala za Ntuzu, Itilima, Kanadi na nyinginezo, kila moja ikiwa na ikulu yake, ngoma zake na mikuki yake. Majembe mengi ya chuma yaliyolima nchi hiyo, na kutolewa mahari, yalifuliwa na Warongo, wahunzi wa magharibi, upande ambao koo kadhaa za watemi husimulia kuwa ndiko zilikotokea.

Kisha serikali ikafuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Sheria iliondoa cheo, ila haikusema mkuki wa ntemi ulale wapi. Ikulu zikageuka nyumba za kawaida, paa likivuja linavuja juu ya ngoma pia. Nilipomwambia guku, babu yangu mzaa mama, habari za upanga wa kilo 75, hakuuliza ulifuliwaje. Aliuliza, "Nani analala nao?"

Ni swali ambalo watunza makumbusho wangefaa kuulizwa. Makumbusho ya Berlin yana maelfu ya vitu kutoka Tanzania, vikiwemo vilivyotekwa katika Vita vya Maji Maji, na kwa miongo mingi vingi vililala stoo. Havikuliwa na mchwa, hilo nakubali. Lakini mkuki wenye namba ya stoo, bila banang'oma wa kueleza ni nani aliruhusiwa kuushika, unarudi kuwa chuma na mti.

Jibu la karibu zaidi na la guku liko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya Usukuma pamoja na wenyeji, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Si kila mzee alifurahi kuona vitu vya ikulu vikiwekwa chini ya paa la misheni, na sidhani ni sawa Bariadi nayo ipeleke kila ilichonacho huko. Familia inayojua kwa nini inautunza mkuki, na inayo paa zima, iachiwe.

Ila pale Bujora kuna jambo moja walilolipatia. Ngoma za watemi zimehifadhiwa katika jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha ntemi. Ukiwa mbali unaona kiti kikubwa kuliko nyumba, na ili uzione ngoma unapanda ndani yake.