Jibu la Mwalimu: Historia ya Kufundisha Chuoni kwa Masafa, tangu Posta hadi Mtandao

Utangulizi

Mwezi Machi 2020, Serikali ya Kenya ilipoamuru shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya maradhi ya Korona, swali la namna ya kumfundisha mwanachuo asiyeonekana kwa macho lilimfikia kila mhadhiri kwa ghafla. Kabla ya hapo lilikuwa swali la wachache. Katika mijadala iliyofuata, aghalabu kufundisha kwa mtandao kumezungumzwa kana kwamba ni jambo lililozuka juzi, lisilo na asili wala nasaba, na mbinu zake zimetafutwa katika maelekezo ya mitambo.

Makala haya yanashika njia nyingine. Yanakusudia kuonyesha kwamba mtandao ni kitinda mimba katika ukoo mrefu wa vyombo vya kufundishia kwa masafa: posta, redio, televisheni na setilaiti. Yanadai pia kwamba historia ya ukoo huo ina funzo moja lisilobadilika. Ubora wa mafunzo ya masafa haukutegemea sana chombo kilichopeleka maneno ya mwalimu. Ulitegemea njia iliyorudisha kazi ya mwanafunzi, na jibu alilopewa baada ya kuirudisha.

Zama za posta

Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha ada moja ya peni kwa barua nyepesi iendayo popote nchini. Mwaka huo huo Isaac Pitman, mwalimu wa hatimkato aliyekaa katika mji wa Bath, alianza kufundisha kwa barua. Mwanafunzi alipelekewa somo, akaandika vifungu vya Biblia kwa hatimkato, akavirudisha kwa posta ili visahihishwe. Wengi humkumbuka Pitman kwa hatimkato yake. Kwa mtafiti wa elimu, jambo kubwa zaidi ni ile safari ya pili ya barua. Vitabu vya kujifunzia peke yako vilikuwapo zamani. Kilichokuwa kipya ni kosa la mwanafunzi kuonwa na mwalimu aliye mbali, na kurekebishwa.

Mfano wa kinyume wapatikana katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1858 chuo hicho kilifungua mitihani yake kwa mtahiniwa yeyote, popote alikosomea. Hapana shaka hilo lilikuwa tendo la ukarimu, kwani liliwafungulia mlango wengi ambao wasingalifika London. Hata hivyo, chuo kilipima bila kufundisha. Pengo hilo halikukaa wazi muda mrefu: mwaka 1887 William Briggs aliasisi chuo cha mafunzo kwa posta mahsusi kwa watahiniwa hao. Mwanafunzi aliyekosa jibu la mwalimu kwa wale waliompa shahada alilitafuta kwingine, na akalilipia.

Redio: kinywa na masikio

Redio ya kawaida ina kinywa, haina masikio. Waaustralia waliokaa jangwani waliutambua upungufu huu mapema. Shule ya redio iliyofunguliwa Alice Springs mwaka 1951 ilitumia mitambo ya madaktari wa ndege, mitambo ambayo iliweza kusikia na kusema. Mtoto wa shamba la ng'ombe lililo mbali sana na mji aliitwa kwa jina lake, akaitikia, akajibu swali, na wenzake wakamsikia. Tutamrejea mtoto huyu hapa chini.

Kenya haikuwa na mitambo ya namna hiyo, lakini ilipata hekima ile ile kwa njia nyingine. Mwaka 1967, chuo cha Nairobi kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kitengo cha mafunzo kwa posta kilianzishwa huko Kikuyu kwa msaada wa Marekani uliopitia Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa hasa walimu wa shule za msingi wenye daraja la P3, waliotaka kufanya mtihani wa sekondari ya chini na kupanda hadi P2 bila kuacha madarasa yao. Mpango ulikuwa na nguzo tatu: vitabu vya mwongozo, vipindi katika Sauti ya Kenya, na mazoezi yaliyotumwa Kikuyu yakasahihishwa na kurudishwa.

Yafaa tuzipime nguzo hizo kwa makini. Kitabu kilibeba maarifa na redio ilibeba sauti ya mwalimu, lakini ni nguzo ya tatu pekee iliyomwambia mwalimu wa kijijini kwamba kuna mtu aliyemsoma. Ukiiondoa, kinachobaki ni maktaba ndogo na kipindi cha redio. Juu ya msingi huo wa Kikuyu ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986.

Televisheni na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza

Harold Wilson alipotoa wazo lake mjini Glasgow mwaka 1963, alisema juu ya chuo kikuu cha hewani, na watu walidhani televisheni ndiyo itakayofundisha. Chuo Kikuu Huria kilichopata hati yake mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kilikuwa kitu tofauti. Vipindi vya BBC vilijulikana na umma, lakini uti wa mgongo wa masomo ulikuwa kitabu kilichoandikwa kwa uangalifu, pamoja na mkufunzi wa muda aliyepewa kundi dogo la wanafunzi, akasahihisha kazi zao na kuandika maoni ya kufundisha, si alama tu. Vipindi vya usiku vya BBC vilikoma mwaka 2006. Chuo hakikufa, masahihisho ya wakufunzi yaliendelea.

Zama hizo ndizo zilizowapa wanazuoni nadharia. Börje Holmberg wa Sweden alieleza ufundishaji wa masafa kuwa mazungumzo yenye kuongozwa: hata maandishi ya kozi yapasa kusema na msomaji, yamuulize na kumwachia nafasi ya kujibu. Mwaka 1989 Michael Moore alitofautisha maingiliano ya aina tatu: mwanafunzi na maarifa, mwanafunzi na mwalimu, mwanafunzi na wenzake. Upungufu wa kozi nyingi za mtandao waweza kupimwa kwa mizani hiyo, kwa maana zina la kwanza kwa wingi, la pili kwa uchache, na la tatu halimo.

Kompyuta na mtandao

Mwaka 1988 Chuo Kikuu Huria hicho kiliwaunganisha zaidi ya wanafunzi 1,000 wa kozi moja kwa kompyuta na simu ili wajadiliane kwa maandishi. Ilidhihirika kwamba kufungua ukumbi si kuanzisha mazungumzo. Wengi walisoma bila kuandika. Mjadala ulistawi pale ulipofungwa na kazi maalumu na kuongozwa na mkufunzi.

Funzo hilo lilisahaulika mara kwa mara. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa African Virtual University, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kushiriki. Mihadhara ilishuka kwa setilaiti kutoka ng'ambo, na swali la mwanafunzi likapanda kwa simu au barua pepe. Njia ya kushuka ilikuwa pana. Ya kupanda ilikuwa nyembamba. Mwaka 2011 kozi moja ya bure juu ya akili unde, iliyotolewa na walimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliandikisha watu kama 160,000; waliomaliza walikuwa kama 23,000. Idadi hiyo si ndogo, wala walioacha hawakuwa na sababu moja. Lakini ni dhahiri kwamba walimu wawili hawawezi kuwajibu watu laki moja na nusu.

Hapa tumrejee mtoto wa jangwani. Martin Dougiamas, aliyesoma utotoni huko Australia ya Magharibi kwa redio ya namna ile, alitoa mwaka 2002 programu ya Moodle, ambayo leo inatumiwa na vyuo vikuu vingi, vya Kenya vikiwamo. Ndani yake mna kumbi za majadiliano na mahali pa kurudishia kazi. Mara ngapi twaitumia kama sanduku la kuwekea mihadhara tu?

Funzo kwa wafundishao lugha

Kwa sisi tufundishao Kiswahili, hoja hii si ngeni. Mtambaji wa hadithi akisema "Paukwa!" hungoja aitikiwe "Pakawa!" kabla ya kuendelea, na akinyamaziwa hujua hana hadhira. Mhadhara uliorekodiwa hauwezi kujua hivyo. Ndiyo maana kozi ya mtandao yahitaji kupangwa kuanzia itikio la mwanafunzi: insha fupi za mara kwa mara badala ya moja ndefu mwishoni, maoni yanayorudi kabla ya zoezi linalofuata, vikundi vidogo ambamo wanachuo huchambua shairi na kupingana kwa maandishi, sauti zao zirekodiwe nao, zisikilizwe na kurekebishwa.

Yupo atakayesema kwamba haya yana gharama. Ni kweli. Darasa la wanachuo 300, kila insha ikisomwa kwa dakika 10, ladai saa 50 za mhadhiri mmoja. Ndipo ilipo hatari iliyo mbele yetu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023, na vyuo vingine vinapanua masomo ya mtandao kwa matumaini ya kupunguza matumizi. Mtandao hupunguza kweli gharama ya kupeleka somo. Haupunguzi kwa kiwango hicho gharama ya kumsoma mwanafunzi. Programu za kusahihisha zaweza kusaidia katika upatanisho wa kisarufi, lakini mtu aliyeandika ili aeleweke anastahili kusomwa na mtu. Chuo kitakachoongeza wanafunzi bila kuongeza wakufunzi kitairudia London ya 1858, tena bila ukweli wake, kwani London haikudai kwamba inawafundisha watahiniwa hao.

Hitimisho

Tumeona chombo kikirithi chombo kwa zaidi ya miaka 180. Pitman alikuwa na stempu, Kikuyu ilikuwa na redio na bahasha, nasi tuna mtandao unaoweza kupeleka na kurudisha kwa kasi ambayo wao hawakuiota. Njia ya kurudi sasa ni pana kama ya kwenda. Lililobaki ni vyuo kukubali kwamba saa za kusoma na kujibu ni saa za kufundisha, zihesabiwe na kulipwa hivyo. Mwalimu wa P3 aliyefungua bahasha yake kutoka Kikuyu alikuta mwandiko wa mtu pembezoni mwa kazi yake. Mwanachuo wa leo asipewe pungufu ya hilo.